Mpira Chini ya Foni

Mguu wa kitanda ulikataa kukatika. Kabasele Stanislas alikuwa ameubana kwenye jiliwa la misheni, jiliwa kuukuu ambalo taya zake hazikukutana sawasawa, na kila alipovuta msumeno mguu ulizunguka ukamkwaruza vidole. Hakulaani. Alikuwa fundi wa gereji ya mgodi kwa miaka kumi na tisa, na alijua kwamba chuma hakigombezwi. Alikunja kipande cha katoni, akakipachika kati ya taya, akabana upya na kuanza tena taratibu.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha zahanati ya masista, kilichovunjika zamani na kutupwa nyuma ya vyoo. Kutoka kwenye miguu yake alitaka kupata vipande vya chuma cha pembe, avitoboe, aviunge, apate kishikio cha kubeba foni mbele ya dereva. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Land Rover ya misheni ilitakiwa iondoke saa mbili.

Foni, kwa asiyeijua, ni ile redio ya kusema na kujibiwa iliyokuwa katika misheni zote za Katanga, maana simu ya posta ilikwisha kufa miaka mingi na hakuna aliyejishughulisha kuizika. Sanduku la chuma, kisemeo chenye kitufe, waya mrefu unaorushwa juu ya mti: ukibonyeza unasikika Lubudi, unasikika Mutshatsha, unasikika hata Musumba, kule ambako barabara ni jina tu. Hii iliyokuwa mezani kwa Kabasele ilitoka katika shule iliyofungwa. Ilikuwa na mikwaruzo mingi lakini ilikuwa hai, na mjini Kolwezi mwaka ule vitu vilivyo hai havikuwa vingi.

Utasema, si wangeibeba mapajani tu? Wasingeweza. Barabara yote ilikuwa na vizuizi vya vijana, na vijana wale walichukua chochote kilichoshikwa mkononi, iwe saa, kuku au chupa ya dawa. Mukalay, dereva wa misheni, aliyewahi kuendesha malori ya mgodi enzi zile mgodi ukiwa mgodi, alijifunza hilo kwa kupoteza. "Kintu cha mukononi banakulomba," alimwambia Kabasele. "Kintu cha boliti ni ya motokari. Hakuna muntu analomba tablo." Tablo ndio ule ubao wa chuma ulio mbele ya dereva, wenye vipimo vya mafuta na mwendo. Basi foni ilibidi iwe mwili mmoja na tablo.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa tisini na tatu. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wameambiwa warudi kwao. Kwao wapi, Mungu wangu? Baba yake Kabasele aliletwa Kolwezi akiwa kijana, kuja kuchimba shaba ya watu. Kabasele mwenyewe alizaliwa kambini, akabatizwa mjini, akajifunza kushika tupa mjini, na Kasai aliijua kwa masimulizi ya shangazi zake. Lakini jina lilitosha. Jumapili moja walirudi kutoka misa wakakuta vijana wamejaa uani, chungu cha maharage bado kiko motoni, na jirani waliyepeana naye chumvi miaka saba amesimama kando anatazama miguu yake mwenyewe. Bilulu, waliitwa. Wadudu. Walitolewa na nguo walizovaa, na maharage yakaliwa na wengine.

Wiki tano walilala uani mwa misheni, watu mia nne kwa bomba moja la maji. Jumanne treni ilipopatikana, mabehewa yake yakiwa ya kubebea mawe ya mgodi, wanawake na watoto walipakiwa kwanza. Kabasele alimwinua binti yake Ngalula, mtoto wa miaka sita, akampitisha juu ya vichwa vya watu hadi mikononi mwa mama yake. Mtoto alikuwa na homa. Joto lake alilihisi kupitia gauni. Mbelu, mkewe, hakulia. Alimwambia tu asisahau kuanika blanketi, maana ile baridi ya ardhini itampanda kifuani. Halafu akainama kumpangusa mtoto uso, behewa likaondoka, na Kabasele hakumwona tena.

Alhamisi mfanyakazi mmoja wa reli alirudi na habari. Injini ilikuwa imekufa mbele ya Lubudi, porini, mahali ambapo hakuweza kupataja sawasawa. Watu walikuwa wanakunywa maji ya mtaroni. Watoto wawili walikwisha kuzikwa kando ya reli. Kabasele alimuuliza majina. Hakuyajua.

Mkuu wa stesheni alikuwa na injini moja tu nzima. Hakuwa mtu mbaya, nadhani, ila alikuwa mtu wa karatasi. Alimwambia Padri Mbayo, mkuu wa misheni, hivi: nijulishe kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho treni imesimama wapi hasa, na kama reli ni nzima hadi pale, nami naitoa injini papo hapo. Nisiposikia kitu, injini inakwenda Mutshatsha kuchukua mahindi na makaa, maana mji nao unakula. Foni ya misheni ya Lubudi ilikufa tangu mwezi wa pili. Kwa hiyo matumaini ya behewa zima, na ya lile lililolifuata, na ya Kabasele mwenyewe, yalikuwa juu ya Land Rover, na foni ndani yake, na miguu ya kitanda kibovu.

Yeye hakuweza kwenda. Alimwomba Padri Mbayo usiku uliopita, akamwomba tena asubuhi ile msumeno ukiwa mkononi. Padri alikuwa Mluba wa Katanga, mtu wa kaskazini, na kwa kuwalisha watu wa Kasai alikwisha kutupiwa mawe na waumini wake mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Tata Kabasele," alisema, "bakikuona ku barrière batakuua, na batachoma motokari na dawa yote. Mi siwezi kununua kufwa kwa wale bengine juu yako."

"Najua, Abbé."

"Tengeneza vizuri tu. Mi sitarudi bila treni. Tutakaa nabo, tutakuwa tunabavutia maji."

Kabasele akarudi kwenye chuma chake.

Saa moja vipande vilikuwa tayari. Alivitoboa kwa keekee ya mkono. Msumari wa keekee uliobaki misheni ulikuwa mnene kuliko boliti alizokuwa nazo, kwa hiyo matundu yakawa mapana, lakini kwa washa, vile visahani vya chuma vya chini ya kichwa cha boliti, hilo halikumtisha. Aliviunga, akakunja midomo ya pembeni kwa nyundo ili ilikumbatie sanduku, akapitisha mkanda wa chuma juu. Kazi ilikuwa safi. Hata Mukalay, ambaye hakujua kusifu, alipitisha kidole kwenye kona akakuta imepigwa tupa isimchubue padri mkono.

Tatizo lilikuwa waya. Mji mzima ulikuwa umekwanguliwa nyaya, na Mukalay alipata mmoja tu, mwekundu, mrefu wa kutosha kutoka kwenye betri. Sasa, umeme wa betri una tabia ya mgeni: ukiingia kwa mlango huu ni lazima uondoke kwa mlango ule, na usipoona mlango wa kutokea hauingii kabisa. Fundi asiye na waya wa pili huufanya mwili wa gari kuwa njia ya kurudi. Huko wanaiita masi. Kabasele alikwangua rangi ya tablo mahali pa boliti nne mpaka chuma kikang'aa, akakwangua nyayo za kishikio, akabana chuma juu ya chuma. Hapo kishikio chenyewe kikawa waya wa pili.

Waliijaribu. Waya wa angani ulirushwa juu ya mti wa uani, Kabasele akabonyeza kitufe, na kutoka ofisini kwake, hatua hamsini tu, mtawa Godelieve, mshika foni ya misheni, akajibu kwa sauti yake ya kukwaruza kwamba anampata vizuri. Taa ndogo ya foni iliwaka kijani. Watu waliokuwa wamesimama kutazama wakapiga makofi, na Kabasele akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Hapo ndipo alipopaswa kuweka spana chini. Laiti angeiweka.

Mukalay, akifunga madumu ya maji nyuma, alisema neno tu, neno la dereva. Alisema njia ya Lubudi imeharibika sana, ukishavuka daraja ni mawe matupu, na foni ya kwanza waliyoifunga garini ilikufa kwa kutikiswa si kwa kitu kingine. Alisema akaendelea na madumu yake. Lakini neno lile liliingia kwa Kabasele likakaa. Aliitazama foni. Chuma juu ya chuma, kilomita mia mbili za mawe, na ndani ya sanduku vile vioo na nyuzi nyembamba kama nywele.

Miaka kumi na tisa gerejini kazi yake ilikuwa vipimo vya malori makubwa, vile vya mafuta na joto na hewa. Malori yale yalishuka shimoni na kupanda na mawe tani kwa tani, na vipimo vya mafundi wengine vilikufa kila mwezi. Vya Kabasele havikufa. Siri yake, na hakumficha mtu, ilikuwa mpira: mpira chini ya kila mguu wa kipimo, mpira chini ya kila kichwa cha boliti, chuma kisiguse chuma. Msimamizi mmoja Mzungu aliwahi kuwaita mafundi wote waje waone. Ni jambo alilolifanya mara elfu, bila kulifikiria, kama mtu anavyojikuna. Ila vipimo vile vilikuwa na nyaya mbili kila kimoja.

Alilegeza boliti. Alichukua mpira wa ndani wa tairi, akakata vipande vinane vya mviringo kwa kisu, akavitoboa kwa msumari uliopashwa moto. Alifanya haraka lakini hakufanya ovyo. Alivipima kimoja juu ya kingine viwe sawa. Vinne aliviweka chini ya nyayo za kishikio, juu ya kile chuma alichokikwangua kiking'ae. Vinne aliviweka chini ya vichwa vya boliti. Boliti zikapita katikati ya yale matundu mapana bila kugusa popote. Wakati wote alikuwa akimwaza Ngalula, na niseme kweli, alikuwa na furaha. Alikuwa anamfungia mwanawe kitu kisichovunjika.

Kutoka upande wa soko zikaanza kusikika nyimbo za vijana. Padri Mbayo akaingia garini na kusema twende, wakifika hapa hatutoki tena. Mukalay akawasha. Kabasele alibana boliti ya mwisho injini ikinguruma, akaishika foni kwa mikono miwili, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Land Rover nzima ilinesa. Foni haikuyumba hata unywele. Aliijaribu kwa mikono, kitu ambacho kilitakiwa kujaribiwa kwa sikio.

"Imeshika," alisema.

Alipata nafasi ya kumwambia padri dirishani: Mbelu, kitenge cha kijani chenye ndege, na mtoto ana kovu la maji ya moto kwenye bega la kushoto. Padri aliandika ndani ya jalada la kitabu chake cha sala. Kisha gari likatoka, na lango likafungwa kwa gogo.

Siku ile ilikuwa ndefu. Vijana walifika, wakaimba, wakarusha mawe mawili matatu juu ya ukuta, wakaenda zao. Mvua ikanyesha nusu saa. Kabasele alianika blanketi, akalianua kabla ya mvua, akalianika tena. Watu walimjia mmoja mmoja, wanaume walioachwa kama yeye, wakimuuliza kama ile foni itasikika kweli kutoka mbali vile. Aliwaambia itasikika. Mzee mmoja aliyekuwa karani alimshika mkono wa kulia na kuubusu, na Kabasele aliona haya.

Saa kumi kasorobo walijipanga kwenye ukumbi mwembamba nje ya ofisi ya mtawa Godelieve. Aliwazuia wote mlangoni isipokuwa Kabasele, akisema fundi ana haki ya kusikia kazi yake. Ndani palikuwa na meza, foni ya misheni, daftari na saa ya ukutani. Mtawa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa amekaa na foni ile miaka kumi na miwili. Kila siku saa kumi misheni zote huitana kwa zamu, na kila mmoja humsikia kila mmoja.

Akabonyeza. Mutshatsha walijibu: mvua nyingi, mgonjwa mmoja, salamu kwa wote. Mtawa aliandika. Halafu akavuta pumzi.

"Motokari ya Lubudi, motokari ya Lubudi, hapa Kolwezi. Unanipata? À vous." Ndivyo walivyompa mwenzao zamu ya kusema.

Foni ikachemka kama mafuta yaliyotiwa maji. Hakuna sauti. Akaita tena, akaita mara ya tatu, pole pole, akitamka kila neno. Ukumbini watu waliacha kukohoa. Kabasele alijiambia hawajafika, njia mbaya, watakuwa wamekwama kwenye matope. Mtawa naye alisema hivyo hivyo, kwamba pengine hali ya hewa imeharibika baada ya mvua, siku nyingine sauti hazipiti kabisa.

Ndipo sauti ya mwanamume ikaingia, kubwa na safi mpaka mtawa akarudisha kichwa nyuma.

"Kolwezi, hapa Musumba. Tunakupata muzuri sana, masœur, sawa vile uko hapa kwetu mu nyumba. À vous."

"Musumba, unasikia motokari yetu? Iko upande wa Lubudi. À vous."

"Hapana, masœur. Tunasikia weye na Mutshatsha. Ule mwingine hakuna. Hata mulio wa kitufe hakuna."

Musumba, mwisho wa dunia, siku nne kwa gari lisiloharibika. Kama Musumba inasikika hivi, hewa ni nzima. Na kama hata mlio wa kitufe haupo, basi kosa halikuwa umbali, wala kelele za hewa. Ilikuwa haijawaka. Kabasele alianza kuifuata kichwani mwake kama alivyofuata hitilafu zote maishani mwake: betri, sawa, waya mwekundu, sawa, aliufunga mwenyewe, sanduku, zima, umeme unaingia, na kurudi unarudi kwa... Vidole vyake vilijua kabla yake. Viliuhisi ule mpira, ulaini wake, vipande vinane vilivyokatwa sawasawa.

Alikaa chini. Kiti hakikuwepo, alikaa sakafuni.

"Masœur," alisema, "usiite tena. Haitajibu."

"Ngojea kwanza, Tata Kabasele. Bantu banachelewa mu njia."

"Bamefika. Beko pale banabonyeza. Ni mi niliifunga kinywa." Akamweleza. Alitumia vidole viwili na kifuniko cha kalamu, akaonyesha chuma, akaonyesha mpira, na mtawa ambaye hakuwa fundi alielewa, kwa sababu uso wa Kabasele ulieleza zaidi ya vidole. "Mi niliogopa itavunjika," alisema. "Nilipenda sana ifike nzima. Imefika nzima."

Mtawa Godelieve hakumwambia si kosa lako. Alikuwa mkweli kupita kiasi kwa hilo. Alitazama saa, akavua aproni, akavaa viatu vya nje, akaenda stesheni mwenyewe kwa miguu, peke yake, katikati ya mji ule. Ukumbini watu walimfungulia njia. Kabasele alitoka nyuma yake akasimama mbele ya wale wanaume akawaambia yote, tangu waya mwekundu hadi mpira wa tairi. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Yule mzee karani aligeuka akaenda kukaa chini ya turubai lake, na wengine wakatawanyika mmoja mmoja, na hilo lilimuuma kuliko ngumi.

Mtawa alirudi saa kumi na moja na nusu, viatu vimejaa matope. Alisema amemsihi mkuu wa stesheni, amepiga magoti kweli, si kwa mfano. Yule bwana alimuinua kwa heshima, akamletea kiti, akamuuliza swali moja tu: treni iko wapi? Naye hakujua. Alikuwa bado anasimulia waliposikia honi ya injini. Wote wawili waliisikiliza inavyopungua, na haikuhitaji fundi kujua kwamba inaelekea magharibi, kwa mahindi ya Mutshatsha.

Kabasele aliomba waya wa pili. Mtawa alikwenda kwenye chumba cha kufulia, akachukua pasi ya umeme ya kunyooshea nguo za altare, na kwa mkasi wa kitambaa akaukata waya wake ubavuni mwa pasi.

"Kutoka hapa mpaka kule ni siku sita kwa miguu," alisema. "Nyuma ya siku sita..."

"Weye utakuwa unaita?"

"Kila siku. Saa kumi."

"Basi."

Mtawa alisema pia kwamba Padri huenda akamrudisha Mukalay na gari siku yoyote. Kabasele alisema akikutana nao njiani itakuwa vizuri, na asipokutana nao atafika. Kwamba barabarani kuna vizuizi vinne, wote wawili walijua, na hakuna aliyevitaja. Usiku ule hakulala. Alfajiri, kabla vijana hawajaamka na ulevi wao, aliuzungusha ule waya kiunoni chini ya shati, akatia spana mfukoni, akaruka ukuta wa nyuma na kushuka kwenye reli.

Alitembea juu ya mataruma. Yalikuwa yamepangwa karibu mno kwa hatua ya mtu mzima na mbali mno kwa nusu hatua, ikabidi atembee kama mlemavu. Jua likapanda. Alipita behewa lililopinduka zamani, alipita mtaro wenye kiatu kimoja cha mtoto, akakiinua, akakigeuza, hakikuwa cha Ngalula, akakirudisha pale pale. Alikuwa ameamua kwamba akiulizwa jina atasema Kabemba, jina la kawaida la huko, na alikuwa akilitamka kwa sauti ndogo ili ulimi ulizoee.

Kama saa tatu alimkuta mwanamke analima viazi vitamu kwenye ukingo wa reli. Mwanamke wa pale pale, wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, mtoto mgongoni. Barabara ilipita hatua mia moja tu upande wa pili, na moshi wa kizuizi ulionekana juu ya majani. Hapakuwa na pa kujificha. Mwanamke alinyoosha mgongo, akauegemea mpini wa jembe, akamtazama hadi alipokaribia.

"Jambo, mama."

"Jambo, tata." Akamtazama viatu, halafu uso. "Jina yako nani?"

Kabasele alifungua kinywa kusema Kabemba. Mtoto aliyekuwa mgongoni aligeuza kichwa, pua imejaa kamasi, akamkodolea macho.

"Kabasele," alisema.

Jembe halikusogea. Kutoka barabarani kulisikika mtu akicheka, na mwingine akiita jina la mtu.

"Na unaenda wapi, Tata Kabasele, peke yako vile?"

"Naenda kufunga waya."

Mwanamke aliangalia mikono yake, ambayo haikuwa na mzigo wowote. Alikwenda kwenye kapu lake, akatoa viazi viwili vya kuchemsha vilivyofungwa kwa jani, akaviweka juu ya chuma cha reli katikati yao, kama mtu aliyevisahau. Kisha akageuka, akainama, akaanza kulima akiwa amempa mgongo, ili wakija kumuuliza aweze kuapa kwamba hakuona mtu akipita.